Nyumba ya Mfalme Iliuzishwa: Nani Alikuwa Mwenyewe?

Mu Lubumbashi, tangu Kenya mpaka Katuba, tangu Kampemba mpaka kwetu huku Karavia, utaona ku kuta za nyumba maandiko ya rangi nyekundu ao ya makala: «Hii nyumba haiuzishwe.» Pengine wameandika kwa kifaransa, pengine wameandika mara mbili, mbele na nyuma. Mgeni hushangaa. Mtu asiyeuzisha si ananyamaza tu? Siye wenyeji twajua maana yake. Baba amekufa, mtoto mmoja ao ndugu wa baba amekutana na komisionere, wametafuta karatasi, na siku moja asubuhi mjane anatoka inje na kukuta watu wasiojulikana wanapima lupango na kamba. Maandiko yale yameandikwa na watu ambao majina yao hayako mu sertifika, lakini wako na sehemu mu ile nyumba: mama aliyeuzisha makala soko nzima ili matofali yapatikane, watoto waliobeba maji ya kuchanganya udongo.

Kiswahili chetu chenyewe kinatuchezea katika jambo hili. Kwetu mu Katanga, mtu akisema «naenda kuuza mukate», anaenda kuununua. Wa Dar es Salaam akisikia vile atafikiri tuko na duka. Siye, kutoa kitu kwa bei tunaita kuuzisha, kana kwamba muuzishaji anamfanya mwenzake auze. Neno moja tu linashika watu wawili. Nafikiri wazee walioacha lugha iende hivyo hawakukosa akili: bei si jambo la mtu mmoja. Lakini na wale ambao hawakuitwa ku meza, waliojenga, waliopanda, waliozikwa pale, neno lao liko wapi? Wasomaji wapenzi, swali hili nitalipeleka mbali kidogo kabla ya kulirudisha mu mji wetu.

Kusini mwa Ufaransa, ku pwani ya Mediterane, kuna rasi ndogo inayoitwa Saint-Jean-Cap-Ferrat. Hapo kuna nyumba kubwa inayoitwa Les Cèdres, ni kusema Mierezi. Ilijengwa karibu mwaka wa 1830, na mwaka wa 1904 ikaingia mu mikono ya Léopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji na, wakati ule, mwenye Congo peke yake. Alipapenda mahali pale, akanunua ardhi kipande kwa kipande. Bustani ya Les Cèdres peke yake ni hekta 14. Ukikata lupango za mita 20 kwa 30, kama tunavyojua siye, unapata zaidi ya 230, ukisahau barabara. Na yote hiyo ilikuwa mahali pa kupumzikia tu.

Pesa ilitoka wapi? Mwaka wa 1896 Léopold alijikatia ndani ya Congo eneo aliloliita Mali ya Taji, kuzunguka ziwa Mai-Ndombe, ambalo siku zile lilipewa jina lake. Lilikuwa kubwa kupita Ubelgiji mara nyingi. Faida ya mpira wa msituni kule haikuingia mu sanduku la serikali, ilienda ku kazi zake: majumba, mapambo ya mji wa Brussels, ardhi ya pwani. Namna mpira ulivyopatikana tunaijua: wanawake walifungwa mpaka waume warudi na kilo zilizoombwa, vijiji vilichomwa, mikono ilikatwa. Yeye mwenyewe hakukanyaga Congo hata siku moja. Alikufa Desemba 1909.

Nyumba haikufa naye. Mwaka wa 1924 ilinunuliwa na ukoo wa Marnier-Lapostolle, watengenezaji wa ile pombe ya machungwa, Grand Marnier. Hawa, tuseme kweli, waliifanyia kazi nzuri. Waligeuza bustani kuwa moja ya bustani za mimea zinazojulikana dunia nzima, aina zaidi ya 14,000, na majumba ya vioo ya kutunza mimea ya nchi za joto. Mwaka wa 2016 kampuni ya Campari ya Italia ilinunua ile kampuni ya pombe, na nyumba ikaja ndani kama mfupa unavyokuja na nyama. Wao walitaka chupa, hawakutaka bustani. Mwaka wa 2017 wakaitia ku soko kwa euro milioni 350, magazeti yakaandika kwamba ni nyumba ya bei kubwa kupita zote duniani. Mwaka wa 2019 ikatoka kwa milioni 200, mununuzi alikuwa tajiri wa Ukraine.

Magazeti yale yalihesabu vyumba, yakahesabu miti, yakataja jina la Léopold kama vile mtu anavyotaja alama nzuri ku sahani ya zamani. Jina la mfalme lilipandisha bei! Mai-Ndombe haikutajwa, ao ilitajwa kwa mstari mmoja.

Sasa swali. Nani alikosa? Ukoo wa Marnier-Lapostolle ulinunua kwa pesa yake. Campari ilinunua kampuni, mbele ya sheria. Yule wa Ukraine alilipa. Kila mmoja ana karatasi safi, na kila karatasi imeegama ku ile iliyotangulia, mpaka unafika ku ya kwanza na kukuta damu. Kwetu ukikutwa na mbuzi aliyeibiwa, hata kama ulimnunua soko mbele ya watu, mwenyewe akimtambua unamtoa, kiisha unaenda kupigana na aliyekuuzishia. Huwezi kusema: mimi nililipa. Lakini sheria hiyo ni ya mbuzi ambaye bado yuko mu kamba. Mbuzi akiisha kuliwa, na ngozi ikafanywa ngoma, na ngoma ikauzishwa mara nne, utaenda kumnyang'anya mpigaji ngoma? Mimi nasema hapana. Mtu wa nne hana kosa la mtu wa kwanza. Ila hawezi tena kusema hajui, kama ameambiwa. Kujua kunampa kazi: asifiche, asipambe ukuta kwa jina la mfalme na kufuta jina la waliokata mpira.

Kuna wenzangu wanaosema: basi turudishiwe ile nyumba, ni yetu. Niliwahi kuweka jambo hili mbele ya wanafunzi wa darasa la tano, na kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida halisomi somo, akanyosha mkono: «Mwalimu, kama banaturudishia ile nyumba leo, ni nani ataikala mule? Si ni bakubwa?» Darasa lote lilicheka. Mimi sikupata jibu la haraka, kwa sababu jibu liko ku ile ile pwani. Mwendo mfupi wa gari toka Cap-Ferrat, kule Roquebrune-Cap-Martin, Mobutu alikuwa na nyumba yake, Villa del Mare. Alikaa humo akiwa mgonjwa mwaka wa 1996, wakati vita ilikuwa imeanza mu Kivu. Mfalme mzungu na raisi mweusi walichagua bahari moja. Mtu wa Mai-Ndombe hakuogelea mu nyumba ya yeyote kati yao.

Kwa hiyo naona kufuata nyumba ni kupoteza njia. Tufuate hesabu. Mwaka wa 1908, Ubelgiji ilipochukua Congo toka mikono ya Léopold, mapatano yalisema mfalme apewe franka milioni 50, kama shukrani kwa yale aliyojitolea kwa ajili ya Congo, na milioni 45 na nusu tena za kumalizia majengo yake. Na pesa hizo hazikutazamiwa kutoka ku mfuko wa raia wa Ubelgiji. Zilitazamiwa kutoka Congo yenyewe. Soma tena polepole: aliyekatwa mkono alihesabiwa shukrani ya kulipa. Hapo hakuna mununuzi mwenye roho safi wa kutetea. Kuna mapatano yaliyopigwa kura na bunge, na nchi iliyotia sahihi ingali ipo, na jina lake halijabadilika. Deni la namna hii halitembei pamoja na ufunguo wa nyumba. Linabaki kwa aliyetia sahihi.

Lazima niseme jambo lingine, hata kama litawaudhi wenye kupenda kuchanganya yote. Les Cèdres haikujengwa na shaba yetu. Shaba ya kwanza ilitoka ku tanuru ya Lubumbashi mwaka wa 1911, mfalme akiwa amekufa tayari. Sisi tuko na hesabu nyingine. Msiri alipigwa risasi Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891 na afisa wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Compagnie du Katanga. Mwaka wa 1906 Union Minière ikaundwa. Mwaka wa 1910 mji ulianzishwa ku udongo wa Balamba. Nyumba zilizotokana na hesabu hiyo haziko Ufaransa. Ziko hapa, na tunapita mbele yake kila siku.

Tembea toka hoteli ya Karavia, ufuate uwanja wa golf na ziwa, halafu zunguka mu avenue za zamani. Nyumba za wakubwa wa Union Minière na wa reli zilijengwa katikati ya bustani, barza pana mbele, miembe, miavoka, na jacaranda ambazo mwezi wa kumi zinafanya barabara kuwa ya zambarau. Nyuma kabisa, karibu na ukuta, kuna ile nyumba ndogo ya chumba kimoja ao viwili, dirisha dogo, tunayoita boyeri. Fundi aliyechora nyumba kubwa alichora na ile. Aliweka mlango wake upande ambao bibi wa nyumba hatauona. Mimi nikitaka kufundisha historia ya mji huu bila kitabu, nawapeleka wanafunzi watazame boyeri moja, inatosha.

Na leo ni nini kinaendelea? Sheria ya 1973 ilisema udongo wote ni wa serikali, mtu anapewa haki ya kuutumia. Mwaka ule ule, tarehe 30 Novemba, Mobutu alitangaza zairianisation, na mali nyingi za wageni zikapewa wakubwa wa hapa, ambao hawakuwa wamezilipia wala kuzijenga. Wengine walizitunza. Wengine waliuzisha. Sasa watoto wao wanakata: lupango moja ya zamani inazaa nne, tano, miembe inaanguka, ukuta unapanda, na pale palikuwa na bustani kuna nyumba ya ngazi yenye vioo vya bluu. Sikatai. Watu ni wengi, mji lazima uwaingize, na kuna namna ya kulilia bustani za wazungu ambayo mimi siipendi. Babu zetu waliingia humo kwa mlango wa nyuma tu. Lakini ninachokiona mu biashara hii ni kwamba wote wanaongea: muuzishaji, mununuzi, komisionere na asilimia yake, mtu wa kadastre. Yule mzee ambaye tangu miaka ya sitini anakaa mu boyeri, aliyepanda ule mti kwa mkono wake, anaambiwa tu tarehe ya kutoka.

Je, yule mzee ni mwenyewe wa nyumba? Mbele ya korti, hapana. Hana karatasi. Lakini ni ule ule udhaifu wa mjane aliyeandika ku ukuta. Na hapa naona tofauti ndogo inayosaidia kufikiri. Bei inaweza kulipa kuta, udongo, miti. Kazi ya mtu ambayo haikulipwa siku ile ilipofanywa, ao ililipwa mkate na chumvi, haikuwa mali ya muuzishaji hata dakika moja. Basi hawezi kuiuzisha. Akipokea bei yote na kumtoa mzee mikono mitupu, amepokea na kisicho chake, hata kama notere ametia muhuri.

Nikiwa hapo siwezi kuruka nyumba nyingine, ambayo si ya kifalme hata kidogo, lakini historia ya dunia iliingia humo jioni moja. Mu njia ya Luano, karibu na kiwanja cha ndege, kuna nyumba iliyokuwa ya Mbelgiji aitwaye Brouwez. Tarehe 17 Januari 1961 ndege iliwashusha Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, wamefungwa, wamepigwa njiani. Waliingizwa mu nyumba ile, wakapigwa tena. Wakubwa wa Katanga walikuja kuwaona. Usiku ule ule walipelekwa mu pori, pale Shilatembo, wakapigwa risasi, maafisa Wabelgiji wakiwapo. Baadaye miili ilifukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi. Kilichorudi ni jino moja, ambalo Ubelgiji ilitoa kwa familia tarehe 20 Juni 2022, na mwezi ule ule jeneza lake likapita mu mji wetu na kufika Shilatembo, kabla ya kuzikwa Kinshasa.

Shilatembo pana ukumbusho, na ni haki. Nyumba ile inasumbua zaidi. Ku pori ni rahisi kulia: ni mti na udongo, hakuna aliyekaa pale. Nyumba ina milango, chumba cha kulala, choo. Nyumba inauliza waliofungua mlango walikuwa akina nani, na jibu haliko la wazungu peke yao. Wengi mu Lubumbashi hatupendi swali hilo. Kuna familia ambazo mu barza yao jina la Tshombe linatajwa kwa heshima, nyingine wanatema mate, na wote wanakutana kanisani Jumapili. Ndiyo maana, nafikiri, tunapita mbele ya ile njia na kuongea mambo ya mpira.

Tuseme siku moja mwenye nyumba ile, yeyote awaye, anataka kuiuzisha. Ana haki? Kijana wangu wa sheria ananiambia: ndiyo, haki kamili, hakuua mtu. Nami nakubali kwamba hakuua mtu. Kumnyang'anya bila kitu kungekuwa zairianisation nyingine, na tumeona mazao yake. Lakini tangu Machi 1971 nchi hii ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni; serikali inaweza kutia jengo ku orodha, ikamlipa mwenyewe bei ya haki. Inaweza. Na kama serikali imelala, bado muuzishaji ana kazi moja ambayo hakuna sheria ya kumwondolea, ni kusema. Akimwambia mununuzi «kuna vyumba vitatu, maji yako, moto wa SNEL si mbaya», na kunyamaza juu ya 17 Januari, amemdanganya. Kwetu mtu akiuzisha lupango yenye kaburi ndani, ataonyesha kaburi kwanza. Bei itashuka, sawa. Pengine mununuzi atakimbia. Ni gharama ya kuwa mwenyewe wa mahali pale.

Kuna mfano jirani, ng'ambo ya mpaka, unaonifikirisha. Kule Zambia, upande wa Mpika, kuna Shiwa Ng'andu, nyumba kubwa ya matofali mekundu kama ya wakubwa wa Uingereza, ku ukingo wa ziwa. Aliijenga Stewart Gore-Browne, afisa mwingereza aliyekuwa ameletwa kwanza kupima mpaka kati ya Katanga na nchi yake. Mizigo ilitoka Ndola ku vichwa vya watu, majuma ya safari. Alikuwa mtu mkali, watu walimwita Chipembele, kifaru. Lakini baadaye alisimama upande wa Kaunda, na alipokufa mwaka wa 1967 serikali ya Zambia ilimzika kwa heshima ya taifa. Binti yake na mume wake waliuawa mwaka wa 1992. Wajukuu wangeweza kuuzisha na kwenda zao, hakuna ambaye angewalaumu. Walitengeneza paa, wakafungua mlango kwa wageni. Sisemi kwamba hilo limewalipa wabeba mizigo wa Ndola, hapana. Lakini ukifika pale unaweza kuuliza, na kuna mtu wa kukujibu. Les Cèdres imezungukwa na ukuta.

Baada ya ile siku ya kicheko, niliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani: kila mmoja aende ku nyumba moja ya zamani ya mtaa wake na kuuliza nani alipanda mti mkubwa kuliko yote. Wengi walirudi na «haijulikane». Saba walileta majina, ambayo siyaweki hapa kwa kuwa watu wenyewe wako hai ao watoto wao wako hai. Msichana mmoja alileta habari ndefu kidogo. Lupango wanamokaa iliuzishwa, na mwenyewe mpya alitaka kuondoa muavoka ili ajenge magazini. Mama wa yule msichana akamwambia mti ulipandwa na mzee anayekaa sasa Katuba. Mwenyewe mpya hakuwa na lazima. Alimtuma mtoto na pesa ya taksibus, mzee akaja, wakampa kiti chini ya mti, wakamwachia avoka zote za msimu ule, mifuko minne. Kiisha wakakata.

Nilimwuliza msichana kama mzee alikasirika. Akasema hapana, aliomba tu wamsaidie kubeba.